Mwanamke wa Ng'ambo ya Webuye

Kitale
Ijumaa, 8 Novemba 2002

Mama Kevin, salaam,

Nakuletea kanda mbili kwa mkono wa Mohamud, kondakta wetu wa kila Ijumaa. Ya kwanza ni ya karate, hiyo utaifasiri hata ukiwa unasinzia. Ya pili ishike vizuri. Ni picha ya majasusi, na imenijazia kibanda changu cha video mpaka watu wakakalia kreti za soda. Na ujue hii ni Ramadhani, mate yamenikauka na bado nashika maiki kuwafasiria watu.

Iko hivi. Waziri anapigwa risasi ndani ya lifti. Mlango unafunguka, damu inatiririka mpaka kwenye viatu vya walinzi. Waliojua kwamba atapanda lifti ile ni marafiki zake tu, watu anaokula nao meza moja. Mmoja wao amemuuza. Basi ni hilo tu, picha nzima. Hakuna kuruka magorofa. Lakini wallahi hakuna mtu aliyetoka kwenda kukojoa. Unajua kwa nini? Kwa sababu hatujui ni nani! Mtu akikohoa kwenye TV, benchi lote linamkodolea macho. Halafu wanaanza kutazamana wao kwa wao. Mimi nimeketi pale mbele nawaona. Jirani anamkagua jirani. Huo ndio utamu wa picha ya jasusi, Mama Kevin, bunduki ni mapambo tu.

Na unajua mtindo wetu, picha bila majina ya nyumbani hailiki. Waziri nimemwita Bwana Shamba. Mkuu wa majasusi ni Chifu wa Kachibora. Na yule msaliti, mwembamba, mpole, na kale kasharubu kake, nikamwita Jotham Kinyozi! Watu walicheka hadi benchi moja likavunjika. Ndugu yako Jotham mwenyewe alikuwepo, akasimama akapunga mkono kama mheshimiwa. Siku hizi watu wanasikiliza maiki yangu kuliko redio. Si unakumbuka nilivyompiga kijembe mwizi wa kuku ndani ya picha ya vita, na asubuhi kuku wakarudi wote?

Ya siasa ni hii, na ni yako peke yako. Vijana wa Jairus, yule anayetaka udiwani, hukaa karibu na spika na kuongea kana kwamba mimi ni ukuta. Jumapili ya tarehe kumi na saba mpinzani wake, Mama Sellah, ana mkutano Kachibora. Watamngoja kwenye daraja na mapanga. Si kumtisha, bana. Wanataka asirudi nyumbani. Usimwambie mtu, shingo yangu naipenda.

Wako,
Naim


Kanduyi, Bungoma
Jumanne, 12 Novemba 2002

Naim,

Bwana asifiwe, hata kama huitikii.

Kanda ya karate imefika bila kurudishwa mwanzo. Mara ngapi nimekuambia? Mimi nikituma kanda huwa nimeirudisha mpaka mwanzo kabisa, wewe unaniachia kazi ya kukaa na deki ya video kama yaya. Utaoa lini upate mtu wa kukufundisha adabu?

Sasa kwa ile ya majasusi hapo umekosea, ndugu yangu, na nimekupita. Mimi niliwaambia watu wangu msaliti ni nani kabla hata lifti haijafunguka. Naam! Nikawaambia, huyu hapa, mwangalieni, huyu ndiye nyoka. Halafu nikanyamaza. Ile sehemu shujaa anaenda nyumbani kwa huyo rafiki yake, anakaribishwa, anavua koti, anaketi, na rafiki anamimina chai. Naim, mzee mmoja wa kanisa alisimama akapiga kelele, "Usinywe! Toka hapo, we mjinga!" Mwingine alitupa kiatu, nusura avunje TV yangu. Kwako watu walitazamana. Kwangu walitetemeka. Mtu akijua na shujaa hajui, kikombe cha chai kinaogopesha kuliko bunduki. Wewe cheza na mafumbo yako huko Kitale.

Lakini lile jina la Jotham litoe. Ndiyo, najua alicheka, yeye hucheka kila kitu, tangu utotoni ni hivyo. Vijana wa siasa hawana mzaha, na wewe mwenyewe unasema watu wanachukua maneno ya maiki yako kama ni habari. Mwite msaliti jina la mbuzi, sijali. Ndugu wa kiume ninaye mmoja.

Rispah, mdogo wetu, ameingia kwaya ya Misikhu. Wamealikwa Kachibora kumwimbia Mama Sellah hiyo tarehe kumi na saba. Nimemshonea gauni la kijani, limemkaa vizuri sana.

Hiyo habari yako ya daraja nimeisoma mara mbili, halafu nikaenda kulisha kuku.

Edah


Kitale
Ijumaa, 22 Novemba 2002

Mama Kevin,

Ijumaa iliyopita sikutuma kitu, nisamehe. Na baada ya hapo kumechafuka huku.

Ile Jumapili vijana wa Jairus walijipanga kwenye daraja toka asubuhi. Mama Sellah hakupita. Alizunguka na njia ya mashambani, na watu wake wakatokea nyuma ya wale vijana kwenye mahindi, wengi, na mijeledi ya ng'ombe na mapanga yao. Kijana anayeitwa Wekesa, unamjua, yule mrefu anayeuza viazi, mkono ulikatwa ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Amekufa njiani wakimbeba kwenye mkokoteni. Mwingine jicho limekwenda. Walirudi mjini wamelowa damu na matope, wakakaa nje ya kibanda changu, hata kufoka hawakufoka.

Wanasema kuna jasusi. Neno hilo hilo, jasusi, wamelitoa kwangu. Jumatano walikuja wakataka niwawekee ile picha ya lifti tena. Nikaweka. Nikamwita msaliti Mbuzi, kama ulivyosema. Mmoja akainuka, akasimama mbele ya TV, akaniuliza, "Mbona juzi alikuwa Jotham? Nani amekuambia ubadilishe?" Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Hapo ndipo nimeona kwamba mtindo wangu wa picha una shida zake. Ukiwafunza watu kumkagua jirani kwa saa mbili, hawaachi taa ikiwaka.

Jotham anakusalimu. Ana homa kidogo, kwa hivyo duka lake limefungwa. Usije huku sasa, barabara si nzuri.

Kanda ni moja tu wiki hii, na nimeirudisha mwanzo.

Naim


Kanduyi
Jumanne, 26 Novemba 2002

Naim,

Jotham haugui homa. Mwongo mkubwa wewe!

Jana mama mmoja muuza nguo ametoka Kitale, amenikuta nikifagia kibanda, akashika mikono yangu kabla hajasema kitu. Amesema walimtoa Jotham kwenye duka lake mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Wakamburuta kwa waya wa mashine yake mwenyewe ya kunyoa, umefungwa shingoni. Sokoni. Mchana. Watu wanaangalia. Wakamuuliza Rispah ni nani wake, akasema ni dada yake, wakamuuliza anamwimbia nani, akasema ukweli kwa sababu Jotham hajui kusema uongo, na hapo wakamvunja meno na kifuniko cha sufuria ya mama mandazi. Ati homa!

Sasa wamemfungia stoo ya mahindi ya Jairus. Polisi wamepita hapo wakinywa soda. Kila mtu anajua yuko ndani na kila mtu anasema hajui.

Wewe ulimtaja kwenye maiki. Sitaki kusikia ulikuwa mzaha. Mdomo ulioingiza ndugu yangu mle ndani ndio utakaomtoa. Unaniambia watu wanakusikiliza kuliko redio? Basi sema! Sema chochote. Akifa, Naim, nitakuja na miguu mpaka hapo kwenye msikiti wenu nikutangaze mbele ya watu wakitoka swala.

Edah


Kitale
Ijumaa, 29 Novemba 2002

Mama Kevin,

Umenitukana na nimestahili. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utakuja, na ukija watakushika na wewe.

Jana nilienda kwa Jairus nikiwa nimebeba tende za futari kama zawadi. Amenipokea vizuri, ameniambia hajui lolote, vijana ni vijana. Lakini wameniruhusu nimwone Jotham. Nitakuambia ukweli sasa. Amelala juu ya magunia. Uso umevimba, jicho moja limeziba. Mbavu zinalia akipumua. Vidole vya mkono wa mkasi wameviponda na jiwe la mizani, kimoja baada ya kingine, na kila kidole wanamuuliza nani mwingine. Hana mtu wa kutaja. Aliponiona alijaribu kucheka. Akaniambia, "Naim, picha yako imekuwa ndefu."

Nilimfunika kwa koti langu, nikatoka.

Wamesema Jumapili asubuhi wanampeleka mtoni kummaliza. Wameniuliza mimi pia, kwa upole, wamenizunguka: "Wewe mfasiri unajua mambo ya watu, husemi wazi, unasemea kwenye picha. Ulijua kuhusu Jotham kabla yetu. Nani mwingine unamjua?" Unaona? Hawaamini kwamba nilitania. Kwao mimi ndiye jasusi mkuu, na maiki ndiyo ofisi yangu.

Basi nitatumia hiyo hiyo. Kesho Jumamosi baada ya futari nitawawekea picha nyingine ya majasusi niliyo nayo, nitawaambia ni sehemu ya pili ya ile ya lifti. Hakuna hata mmoja wao anayefuata Kizungu cha wale watu. Nitawaambia yule mpole alisingiziwa, na msaliti wa kweli hakujulikana mpaka sasa. Nitamweka mtu mwingine hapo. Mtu asiyekuwepo, mtu wa hewa, wamtafute mpaka uchaguzi upite.

Niombee kwa namna yako, nami nitaomba kwa yangu.

Naim


Kanduyi
Jumamosi, 30 Novemba 2002

Naim ndugu yangu,

Sikungoja Jumanne. Barua hii nampa dereva wa lori la saruji anayekuja huko. Akichelewa, basi.

Nimekutukana na sikukuambia yote. Siwezi kuendelea kukutukana na hii kitu iko kifuani.

Ni mimi. Uliponiandikia habari ya daraja, na Rispah ana gauni la kijani kwenye kamba linakauka, ungetaka nifanye nini? Nimwache apande gari la Mama Sellah aende akakatwe na wale watoto? Nilienda Misikhu siku hiyo hiyo. Nilimwambia Rispah asiende. Akakataa, si unajua wasichana. Basi nikaenda kwa watu wa Mama Sellah mwenyewe, nikawaambia msipite darajani. Nilifikiri watapita njia nyingine, wataimba, watarudi nyumbani. Sikujua watawaendea wale vijana kwa nyuma. Wekesa nilimnunulia viazi mara nyingi. Mkono wake nauona nikifunga macho.

Kwa hivyo msaliti ni mimi, na anayepondwa vidole ni Jotham. Hata kwenye picha sijawahi kuona mambo ya hivi.

Usiwaambie. Sikuombi hivyo kwa ajili yangu tu. Wakijua ni mimi, watajua nilisikia kwa nani, na utalala kwenye magunia yale yale. Mtoe Jotham kwa njia yoyote ile, lakini usiwasogeze upande huu. Taja wafu, taja watu wa Nairobi, taja shetani. Bungoma usiitaje kabisa.

Edah


Kitale
Jumapili, 1 Desemba 2002

Mama Kevin!

Anayekuletea barua hii ni Jotham mwenyewe! Mohamud amemlaza kiti cha nyuma, nimemwekea mto na chupa ya maji. Usimkumbatie kwa nguvu, mbavu. Alhamdulillahi, alhamdulillahi, nimelia kama mtoto.

Ngoja nikupe jinsi ilivyokuwa. Kibanda kilijaa pomoni. Vijana wa Jairus mstari wa mbele, mapanga chini ya benchi, nayaona. Nikashika maiki. Nikaanza: "Wapendwa watazamaji, ile picha ya lifti haikuwa imeisha. Yule kinyozi alisingiziwa!" Wakaguna. Nikaenda nao pole pole. Kila mtu akipita kwenye TV nawaambia, huyu siye, tulieni. Kuna mwanamke humo, amevaa koti jekundu, anaonekana mara moja anapiga simu kwenye kibanda cha barabarani, halafu anaondoka. Katika picha yenyewe sijui hata alikuwa nani, labda anaita teksi. Nikasimamisha kanda hapo hapo. Nikanyamaza, kama unavyopenda wewe. Halafu nikasema, "Huyo ndiye aliyewauza. Si kinyozi, si mtu wa mji huu. Ni mwanamke mmoja wa mbali, ng'ambo ya Webuye."

Basi! Walilipuka. Mmoja alipiga ngumi ukuta. Mkubwa wao akasema, "Nilijua tu si Jotham, huyo hata kuku hachinji." Usiku haujafika mbali wakamtoa stoo, wakaniachia mlangoni kama mzigo.

Nimechagua ng'ambo ya Webuye kwa sababu huko hawana mtu wanayemjua. Watamtafuta nani? Wanawake wako wangapi ng'ambo ya Webuye? Ni mtu wa hewa kabisa. Nimekupita, Mama Kevin, kubali leo.

Wako mwenye furaha,
Naim


Kanduyi
Jumanne, 3 Desemba 2002

Naim,

Jotham amefika. Daktari amemfunga kifua na mkono, anakunywa uji kwa mrija. Analala chumba cha nyuma, kile cha karibu na deki. Anasema akipona atanyoa kwa mkono wa kushoto na wateja wavumilie. Nakushukuru. Nasema hivyo kwanza, kabla ya mengine, kwa sababu ni kweli: ningemzika ndugu yangu.

Sasa sijui kama barua yangu ya Jumamosi imekufikia. Kama imekufikia unajua kwa nini nilipomaliza kusoma yako nilicheka, kisha nikaketi chini sakafuni: ng'ambo ya Webuye ndiyo huku kwetu Bungoma. Jotham akaita, "Edah, anasema nini?" Nikamwambia anasema umekuwa mzito. Barua nimeichoma jikoni. Hajui ulichosema kwenye maiki Jumamosi, na hajui nilichofanya mimi Misikhu. Asijue. Anafikiri aliteswa kwa makosa ya watu wajinga. Aendelee kufikiri hivyo, kunamsaidia kulala.

Usianze kujipiga kichwa ukutani. Bungoma ni kubwa, hawanijui, na siwezi kukimbia na mtu aliyefungwa kifua. Nimefikiri kama tunavyofikiri kwenye hizi picha zetu. Anayekamatwa ni yule anayebadilisha mwendo wake ghafla. Anaacha kupita dukani, anaacha kupiga simu, basi wanamshuku. Kwa hivyo tusibadilishe kitu. Ijumaa tuma kanda kama kawaida, kwa Mohamud, kwenye mfuko ule ule wa bluu. Mimi nitafungua kibanda, nitafasiri, nitacheka.

Idd njema kwenu. Ukipika pilau kumbuka wagonjwa.

Edah


Kitale
Ijumaa, 6 Desemba 2002

Edah, toka hapo nyumbani!

Ukisoma mstari huo usisome mwingine, mbebe Jotham, nenda kwa mtu ambaye simjui.

Barua yako ya Jumamosi ilinifikia Jumatatu. Nimekaa nayo siku zote hizi sijalala. Nilipanga nije mwenyewe leo. Jana walikuja watatu. Walikuwa wanafikiri, Edah. Nimewafunza kufikiri. Mkubwa wao akaniambia, "Tulikuwa tunaangalia ile picha kichwani. Mwanamke wa ng'ambo ya Webuye anapata habari vipi? Lazima kuna kitu kinaenda na kinarudi. Halafu tukakumbuka mfuko wa bluu." Wakauliza mfuko unaenda kwa nani. Nikasema kwa mwanamume, mzee, anaitwa Simiyu, Malaba. Wakaniweka mguu kati ya hatua mbili za ngazi na mmoja akaruka juu yake. Mfupa nimeusikia kabla ya maumivu. Nikasema tena Simiyu, Malaba. Wakaruka tena. Nikazimia. Sijakutaja. Wallahi, kwa siku hii ya Idd, jina lako halijatoka mdomoni mwangu.

Lakini siwezi kutembea hata mpaka mlangoni. Simu ya duka la jirani yako imelia bure toka alfajiri. Huyu Mohamud ndiye njia pekee. Nimeweka barua ndani ya jalada la kanda, mahali petu pa siku zote, na kanda ndani ya mfuko wa bluu, kwa sababu akionekana na bahasha watajua. Umesema tusibadilishe kitu. Nimefuata.

Mtu yeyote akibisha akisema ametoka kwangu, usifungue.

Naim


Misikhu
Jumatatu, 16 Desemba 2002

Ndugu yangu Naim,

Naandika kwa mkono wa kushoto, utanisamehe mwandiko. Labda umekwisha kusikia. Dada yetu Edah tumemzika hapa Misikhu Jumamosi.

Nataka uijue kutoka kwangu. Ijumaa ile ya Idd, jioni, watu wakiwa wanaanza kuingia kibandani, walikuja vijana wawili. Nilikuwa nimelala chumba cha nyuma, nasikia. Mmoja alisema, "Hodi, tumetoka kwa Naim, tumeleta mfuko." Edah akafungua. Alikuwa anaungoja, toka mchana alikuwa anauliza kama Mohamud amepita. Mohamud hakufika kabisa, walimpiga, wakamnyang'anya mfuko wenye anwani ya kibanda, wakamtupa kwenye mtaro karibu na stendi ya Kitale, nasikia atapona.

Walimkata pale pale mlangoni. Panga la kwanza lilimpata begani, akapiga kelele, "Jotham hayuko hapa!" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, nami niko nyuma ya ukuta wa mabati, siwezi kuinuka, nauma shuka. Walimkata mpaka akanyamaza. Wakamwagia kanda petroli, wakawasha. Watazamaji walivunja dirisha wakanitoa. Kila kitu kimeungua. Mfuko wako wa bluu pia, niliuona umeyeyuka na kanda ndani. Kama ulimwandikia neno lolote la Idd hakulisoma.

Kevin amekuja kuzika na sare ya shule, hana nguo nyingine. Rispah alivaa lile gauni la kijani.

Najua walitumia jina lako ili afungue. Usijilaumu, kaka. Mohamud alituma mtu kuniambia walivyokuvunja mguu na hukusema. Mimi na wewe tumelipa kwa watu wale wale. Na lile la kunitaja kwenye picha nilikwisha kulisamehe siku uliyonitoa magunini. Sina rafiki mwingine kama wewe.

Ila kuna jambo moja linanikosesha usingizi. Wakati wanamkata, mmoja alisema, "Ni wewe, mwanamke wa ng'ambo ya Webuye, umetajwa." Umetajwa. Naim, dada yangu hakujua siasa hata kidogo. Alikuwa na kuku wake, kibanda chake na Mungu wake. Sasa nani alimtaja? Kuna mtu huko Kitale alikaa mahali akayasema maneno hayo kwa mdomo wake. Mimi simtaki Jairus, wala wale vijana. Namtaka huyo.

Ijumaa nakuja. Wewe umefasiri hizi picha miaka yote, unajua mtu wa namna hiyo anavyotafutwa, anaanzia wapi, anajificha wapi. Nitakaa kwako mpaka tumpate, na tukishampata utaniachia mimi. Wembe wangu ulibaki kwa Rispah, haukuungua. Nimeunoa vizuri, na mkono wa kushoto umeanza kuuzoea.

Usihangaike kutoka na mguu huo, najua huwezi. Nitaingia mwenyewe. Weka chai tu, ile yako ya tangawizi, tuketi tunywe uniambie unalolijua.

Ndugu yako,
Jotham